Boma la Kupanga

Jumamosi, tarehe kumi na tisa, mwezi wa saba. Thika iliamka na ukungu na yale manyunyu ya Julai ambayo hayatoshi kufungulia mwavuli lakini hayakosi kulowesha kitambaa cha kichwa. Nilipofika Ruiru manyunyu yalikuwa yameacha, baridi iko palepale, na mwenye ploti alikuwa amesimama getini amevaa suti.

Nianze nyuma kidogo, la sivyo mtu hataelewa kwa nini suti ilinitia wasiwasi.

Mimi ni ejenti wa nyumba. Mwenye ploti ananipa vyumba, mimi namtafutia wapangaji, na wakishaingia wakaanza kugombana naye, ninayeitwa ni mimi. Watu hufikiri kazi yetu ni kuonyesha vyumba. Kuonyesha chumba kunachukua muda wa kufungua kufuli na kusema "na maji yapo". Kazi yenyewe huanza siku mpangaji anapogundua kwamba jua halifiki kwenye kamba ya nguo, na mwenye nyumba anapogundua kwamba mpangaji ana jogoo. Nilisoma nikaishia darasa la nane. Sheria siijui. Kila nikitoka kuamua jambo, nalala nikijiuliza kama kuna mtu nimemwonea. Mume wangu husema ningekuwa hakimu ningemfunga mshtakiwa nusu na mlalamishi nusu.

Njia yangu ni moja, na sikufundishwa na mtu. Nikiwakalisha wanaogombana, simruhusu yeyote aseme shida yake. Kila mtu aseme shida ya mwenzake. Mpangaji aseme kinachomuuma mwenye nyumba, mwenye nyumba aseme kinachomuuma mpangaji, na mpaka mwenzake akubali kwamba "eeh, ni hivyo", hatuendelei. Nimeitumia kwa jogoo. Nimeitumia kwa redio ya Jumapili asubuhi, na kwa yule kijana aliyekuwa akichemsha githeri kwa koili wakati stima inalipwa na mwenye nyumba. Watu wakiisema shida ya mwingine huona aibu, wanamaliza haraka, wanaenda. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anaweza kuipenda.

Ploti hii iko Ruiru, karibu na reli. Ina vyumba chini na juu, uwanja katikati, na vyoo viwili pembeni mwa uwanja. Mwenyewe ni mzee mstaafu, mkewe alishafariki, anakaa peke yake ghorofani kwenye vyumba viwili vinavyotazama geti. Chini yake anakaa mama mjane, fundi wa cherehani, na binti yake mmoja anayeuza kwenye duka la dawa. Huyo mama nilimpangisha mimi mwenyewe miaka mingi iliyopita, na hajawahi kunipa kazi. Mpaka Jumanne ya wiki hii aliponipigia simu.

"Mama ejenti, kuja. Huyu mzee amefunga choo."

Nikaenda. Kweli, choo kimoja kilikuwa na kufuli kubwa kama la ghala la mahindi.

Kisa kilikuwa hiki. Binti amepata mchumba, kijana wa Gatuanyaga, na watu wa kijana walikuwa wameomba kuja Jumamosi. Wakikuyu wenyewe wanaita kumenya mucii, yaani kujua boma. Mimi ni Mwislamu wa Majengo ya Thika, babangu na mamangu kila mmoja alikuja na kabila lake, na kwetu posa ina mwendo wake mwingine. Lakini nimeishi na Wakikuyu maisha yangu yote, na najua kwamba kabla mbuzi hata mmoja wa mahari hajatajwa, wazee wa mvulana huja kwanza kuona msichana anatoka nyumba gani. Wanakaribishwa, wanajitambulisha, wanakula, wanaondoka. Siku hiyo hakuna kudaiana. Ni kuangaliana tu.

"Madam," mwenye ploti akaniambia, "nimesikia wageni ni watu ishirini. Ishirini! Tangi ya choo ilijengewa wapangaji, haikujengewa harusi. Ikijaa, ni nani anaita lori ya kunyonya? Ni mimi."

"Sio harusi, na ni kumi na tano," mama akasema. "Wanakuja kujua boma."

"Boma ya nani? Hii boma ni yangu. Wakitaka kujua boma, si wakuje wanijue mimi."

Alicheka mwenyewe. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika mkasi wake wa kazi, na nilimwomba kwa upole auweke mezani kwanza.

Sasa, kusema haki, mzee hakuwa anasema uongo kuhusu lori la kunyonya choo. Huja kwa bei, na likija mtaa mzima hujua. Na mama naye hakuwa anasema uongo alipodai kwamba tangi lilinyonywa juzi tu. Nilipoona kila mmoja ana ukweli wake, nikasema tupime.

Ndilo wazo nililopata. Mwenye akili zaidi angepata lingine. Tukafunua kifuniko, nikachomoa ufito mrefu kwenye ua, na kwa kuwa nilijua akishika mmoja mwenzake atasema ameibiwa, nikawaambia washike wote wawili. Wakashika, mzee juu na mama chini yake, wakautumbukiza kwa pamoja polepole kama watu wanaoweka msingi wa kanisa. Wapangaji walitoka kusimama kwenye roshani ya juu. Mmoja akauliza, "Ni simu ya nani imeanguka?"

Ufito ulitoka umelowa karibu nusu. Mzee akasema hayo ni maji ya juu tu, chini kuna tope gumu ambalo ufito haukulifikia. Mama akasema ufito ulifika chini kabisa, aliusikia ukigonga. Mzee akasema kilichogonga ni kiatu chake yeye mwenyewe kwenye sakafu. Kwa hivyo tulibaki palepale tulipokuwa, isipokuwa sasa tulikuwa na ufito ambao hakuna aliyetaka kuutupa.

Nikawaingiza chumbani kwa mama, nikawakalisha, mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye kitanda, nikawaambia kanuni yangu. Mama akaanza, kwa sababu ndiye aliyeniita.

"Anaogopa choo kujaa," akasema. "Anaogopa wageni wakizoea geti watazoea tu. Na..." akamtazama mzee, "anakaa peke yake huko juu. Watu wakifurahia hapa chini, yeye anasikia."

"Hiyo ya mwisho mimi sikusema," mzee akasema.

"Lakini ni hivyo?" nikamuuliza.

Akatazama dirishani. "Endelea na kikao, madam."

Ikawa zamu yake. Alianza kwa kujivuta kama mtoto anayetumwa dukani. "Huyu mama... mzee wake alikufa. Ndugu za mzee wakachukua shamba. Hawakumwachia hata pahali pa kupanda sukuma." Akafikiria, na nikaona mgongo wake ukinyooka. "Amelea mtoto na cherehani! Miguu imevimba! Wapangaji wengine wakilala, unasikia tu ile mashini, trrr, trrr. Sasa Mungu amefungua mlango, watu wamekuja kuomba huyo mtoto, na yeye hana boma ya kuonyesha. Atawaonyesha nini? Chumba mbili za kupanga! Na wakiuliza choo, watapata imefungwa na kufuli ya mzee mbaya, mzee ana roho ngumu..." Hapo alisita, maana alikumbuka huyo mzee ni nani. Lakini mwendo ulikuwa umemshika, hakuweza kusimama. "...mzee hajui uchungu wa mzazi!"

Akatoa kitambaa akapangusa macho.

Mama alikuwa amefungua mdomo. Mimi pia. "Eeh," mama akasema mwishowe. "Ni hivyo. Hata mimi singesema vizuri namna hiyo."

"Na ni nani atakuongelea Jumamosi?" mzee akauliza.

Mama akainamisha kichwa. Kulikuwa na mzee wa kanisa aliyekuwa ameahidi, lakini Jumamosi hiyo alikuwa amealikwa nyumba nyingine tatu, moja Juja na mbili Thika. Siku hizi mzee wa kuongea ni adimu kuliko fundi wa mabomba anayekuja siku aliyosema. Shemeji zake mama, wale waliochukua shamba, hawezi kuwaita. Mwanamume wa kusimama upande wake hakuwepo.

Mwenye ploti akasimama. "Mimi nitaongea."

Na mimi, kwa furaha ya kuona njia yangu imezaa matunda ambayo haijawahi kuzaa, nikasema, "Ni sawa kabisa. Kwani si mzee ndiye baba wa ploti?"

Maneno hayo ni yangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Akaenda mwenyewe akafungua kufuli. Mama alinisindikiza mpaka getini, na nikamuuliza kama ameridhika au amenyamaza kwa heshima tu. Akaniambia mzee huyo ana mabinti wawili, mmoja ng'ambo, mmoja Nairobi, na wote wako na wanaume, na kwa hilo geti hajawahi kuingia mtu na kusema ametumwa kuposa. "Wacha aongee," akasema. "Mimi nataka kitu kimoja. Watu wa Gatuanyaga wasirudi kwao wakisema msichana walimwokota barabarani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yenyewe, na niliibeba mpaka nyumbani.

Basi Jumamosi namkuta getini na suti ya kijivu, kofia, na fimbo ya kizee ambayo ilikuwa bado na kibandiko cha duka. Alinichukua moja kwa moja mpaka vyooni. Vyote viwili vilikuwa vimeoshwa, na kila kimoja kina karatasi mpya ya chooni, ile laini. "Madam, ona," akasema. Nikaona. Nilimsifu, na alistahili.

Wageni walifika kabla ya saa sita. Alisimama akawahesabu wakiingia.

"Mlisema kumi na tano. Naona kumi na sita."

"Huyu ni mtoto mchanga," akajibu mama mmoja.

"Anatumia choo?"

"Anatumia nepi."

"Sawa, apite."

Wakacheka, wakadhani ni utani wa kukaribisha. Msemaji wao alikuwa mzee mwembamba, mfugaji wa mbuzi, mtu wa kutembea polepole na kuongea polepole zaidi. Kijana mwenyewe, mchumba, alikaa katikati ya wajomba zake kama mwanafunzi aliyeambiwa aje na mzazi.

Wanaume na wazee wakakaa chumba cha mbele. Sisi wanawake, pamoja na binti na shangazi wawili wa kijana waliokuja kusaidia, tukakaa chumba cha ndani na chapati na sufuria, pazia likiwa katikati. Nilikuwa nimekuja kusukuma chapati, lakini kusema kweli nilikuja kusikiliza. Pazia si ukuta.

Mzee wa Gatuanyaga akaanza kwa ile "atiriri" yao ndefu ya kufungulia maneno, kisha akasema kwa mafumbo kama wanavyosema wazee: walikuwa wakipita zao, wakaona kondoo wao ameingia boma hii, nao wamekuja kuuliza kama kuna mtu amemwona.

"Kondoo?" mwenye ploti akajibu. "Hapa mifugo hairuhusiwi. Ni sheria ya ploti."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Shangazi mmoja akanigusa bega: "Huyu mzee wenu ni mkali! Wa zamani kabisa!" Mama mwenye binti akanishika mkono kwa vidole vyenye unga, na kwa dakika moja niliamini kwamba mimi ni ejenti wa maana.

Kisha mwenye ploti akasafisha koo.

"Sasa niwaulize. Mnamchukua kwa muda gani?"

"Muda gani namna gani?" mzee wa mbuzi akauliza.

"Mimi mtu yeyote namuuliza. Kuna watu wanaingia na furaha nyingi, miezi tatu haijaisha wanatoka bila kuaga. Notisi yenu ni ya muda gani?"

Kicheko kilitoka tena, lakini cha wachache, na kilikufa mapema.

"Na ni nani atasimamia huyu kijana? Akianza kusumbua, mimi nitashika nani?"

"Utashika...?"

"Na dipoziti. Sisemi leo, nasema tu mjue iko. Na siku msichana akirudi hapa, awe vile alitoka. Sitaki kitu irudi imechubuka halafu mniambie ilikuwa hivyo tangu zamani."

Shangazi aliyekuwa akinisifia mzee wetu aliacha kutafuna. "Kwani msichana ni ukuta?" akaniuliza.

Lazima niseme jambo hapa, hata kama halinisaidii. Yale maswali hayakuwa mabaya. Nawajua wanawake wengi ambao wangeishi vizuri zaidi kama siku ya kwanza kungekuwa na mtu wa kuuliza notisi ni ya muda gani na nani atashikwa kijana akisumbua. Ubaya ulikuwa kwenye siku, na kwenye sauti. Sauti ilikuwa ile ile anayomuulizia mtu aliyekuja kutazama chumba na sinki.

Nikachukua birika la chai nikapita pazia, nikamwinamia sikioni. "Mzee, kunywa chai kwanza."

"Madam, tuko kwa kikao."

"Itapoa."

"Wacha ipoe."

Wageni walinitazama mimi mwanamke mwenye hijabu na birika, wasijue nimo upande gani. Hata mimi sikuwa najua. Nilimmiminia mtu mmoja ambaye hakuwa ameomba, nikarudi.

Nyuma yangu nilimsikia mzee wa Gatuanyaga akisema, bila hasira yoyote, "Mzee, tulikuja kujua boma. Nafikiri sasa tumeijua." Nikachungulia. Mkono wake ulikuwa unaenda kwenye kofia. Wajomba walianza kutafuta sweta zao. Kijana alikuwa amelikodolea macho pazia kana kwamba pazia ndilo litamwokoa.

Binti aliweka bakuli chini, hakulia. Alimtazama mamake tu. Na mamake alinitazama mimi.

"Mama ejenti," akasema kwa sauti ya chini, "huyu ni wewe ulinipatia."

Alikuwa sawa kabisa. Akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akanipa, akapita pazia na unga bado mikononi.

"Mzee," akamwambia mwenye ploti, "asante. Umenishikia mlango vizuri. Sasa keti."

Na mzee akaketi. Aliketi kama wapangaji wanavyoketi akiwaambia yeye.

"Guka," mama akamgeukia mzee wa mbuzi kwa jina la babu, "unisamehe naongea mahali wazee wanaongea. Sina mwingine. Mlikuja kujua boma. Hii nyumba si yangu. Hata msumari wa hiyo kalenda niliomba ruhusa. Mwenye nyumba ni huyu, na hivyo ndivyo yeye huongea, sisi wawili tunaongeanga hivyo kila mwezi na hatujauana. Lakini mtoto wangu hakulelewa na nyumba. Tulianza chumba moja Thika, ikavuja, tukahama. Tukaenda pengine, wakauza ploti, tukahama. Tukakuja hapa. Kila mahali nimeenda, nilibeba cherehani na huyu mtoto, na asubuhi yake chai ilikuwa mezani. Kama ni boma mlikuja kujua, ni mimi. Niangalieni. Mkimaliza kuangalia mniambie kama mnaenda."

Shangazi karibu yangu alikuwa ameshika chapati mbichi na ameisahau, ikawa inamning'inia mkononi kama kitambaa.

Mzee wa Gatuanyaga alizungusha kofia yake mara kadhaa, kisha akaiweka gotini.

"Mama," akasema, "hiyo shamba yangu ya Gatuanyaga, yenye mbuzi. Si yangu."

Wajomba waligeuka kumtazama. Nilielewa baadaye kwamba hata wale wadogo kati yao hawakuwa wanajua.

"Naikodi," mzee akaendelea. "Tangu nikiwa kijana. Mwenyewe yuko Nairobi, anakuja kila Krismasi kuangalia kama nimemwekea ua. Watoto wangu nimewazalia kwa shamba ya mtu. Sasa mimi nitakataa mama kwa sababu amepanga?"

Na mwenye ploti akainama mbele kwa hamu ya kweli.

"Unakodi?" akauliza. "Na mkataba uko?"

Sasa watu walicheka. Walicheka wakashikana, mchumba akacheka mpaka akakohoa, na mama mwenyewe akajifunika uso kwa mikono yenye unga akatoka mweupe kama mzimu. Mwenye ploti alitazama huku na huku. Hakuona kichekesho. Alikuwa anataka kujua. "Kama hakuna mkataba na umekaa miaka hiyo yote," akamwambia mzee mwenzake, "huyo mtu wa Nairobi anaweza kukutoa hata kesho. Sogea hapa nikuambie vile sisi hufanya." Na wale wazee wawili wakasogeza viti. Mpaka chakula kinapakuliwa, mwenye ploti alikuwa anamfundisha mpangaji mbinu zote za wenye ploti, moja baada ya nyingine, bila kuficha hata moja. Nilisikia nyingine ambazo sikuwa nazijua, na ni mimi ninayemfanyia kazi.

Kabla ya kuondoka, mzee wa Gatuanyaga alisimama akasema kondoo wamemwona, yuko salama, amelindwa vizuri, na watarudi na wenzao mwezi ujao kuongea mambo ya mbuzi. Binti aliitwa atoke asalimiwe. Shangazi wake mpya, yule wa ukuta, alimkumbatia kwa nguvu mpaka akampaka samli ya chapati kwenye rinda.

Mwenye ploti aliwahesabu wakitoka. Kisha akaniita.

"Madam. Umeona vile niliwachemsha?"

"Mzee?"

"Hawa wa Gatuanyaga ni wagumu. Wanakuja wamejaa mashamba kwa mdomo. Lazima uwatoe jasho kwanza. Mimi nikawachemsha, mama akapakua. Bila mimi yule mzee angesema ni shamba yake mpaka jioni."

Nilifungua mdomo nimrekebishe, kisha nikaufunga. Kwa sababu nilijaribu kuliangalia jambo kwa upande wake, na nikakwama. Asingewaudhi, mama asingetoka nyuma ya pazia. Mama asingetoka nyuma ya pazia, yule mzee asingesema ukweli wake. Yule mzee wa kanisa angekuja, angeongea maneno matamu ya kondoo na miti na maua, wageni wangekula, wangeenda, na pande zote mbili zingebaki zinadanganyana kuhusu mashamba mpaka siku ya harusi. Kwa hivyo ni mwenye ploti aliyeifanikisha siku? Hapana. Sidhani. Lakini siwezi kuapa. Na kama siwezi kuapa, nitamnyima vipi?

"Ulijaribu, mzee," nikasema.

"Nilijaribu?"

"Uliweza."

Akatabasamu, akagonga chini na fimbo. "Wale wapangaji wa chumba cha mwisho nao wako na msichana. Waambie mimi nipo."

Nilirudi ndani kusaidia kuosha sufuria. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani yake, miguu kwenye kigoda, na binti anamkanda vifundo. Nilimwomba msamaha kwa kumletea msemaji yule. Akaniambia nikae, nisijisumbue, hakuna aliyeokotwa barabarani. Kisha akauliza, "Siku ya mbuzi, huyu mzee atakaa wapi?"

Nilifikiri. Kumkataza si haki, amefungua vyoo vyote na kununua karatasi laini. Kumruhusu ni hatari. "Pande zote zikikubali..." nikaanza.

"Mama ejenti," akanikatiza, "hapa hakuna pande zote. Ni mtoto wangu. Atakaa na wazee, atapewa kipande chake cha nyama kama mzee mwingine, na hatapewa swali."

Nikasema ni uamuzi mzuri kuliko wangu, na ulikuwa mzuri kweli. Tangu nianze kazi hii ndio wa kwanza nilioukubali kabla hata ya kusikiliza upande wa pili. Njiani nikirudi nilianza kuwaza kama nimemwonea mzee.

Nilifika Thika giza limeingia na manyunyu yameanza tena. Mume wangu aliniuliza nani ameshinda kesi. Nikamwambia haikuwa kesi. Akasema basi nimeshindwa mimi, nile nilale. Ile nyama ya Ruiru sikujua ilichinjwa na nani, kwa hivyo sikuibeba, lakini mama alikuwa amenifungia chapati kwenye kitambaa safi. Tulizila na ndengu alizopika mama mkwe, zilizozidi chumvi kidogo, na chai ya tangawizi.